Kikimezwa Hakirudi

Kihonda, Morogoro,
14 Julai 2024.

Mwanangu mpenzi Zawadi,

Baridi ya mwezi huu imeteremka kutoka milima ya Uluguru, na alfajiri nikienda mabandani najifunga khanga mbili. Sungura wangu wote saba wanakula vizuri, na yule jike wa kijivu uliyempenda ulipokuja likizo amezaa watoto watano.

Baba yako alinieleza kwa simu habari za sungura wako Mchele. Kwamba amekata waya wa chaja, wiki hiyo hiyo akatafuna pembe ya zulia la mama yako, na ndala yako ya kushoto imebaki nusu. Akanieleza pia kwamba ulipomkuta na ule waya ulimpiga kofi, ukamfungia kwenye boksi usiku kucha bila nyasi ili ashike adabu. Na mama yako sasa anasema sungura atoke ndani ya nyumba.

Sikuandikii ili nikugombeze. Nakuandikia kwa sababu liko jambo moja ambalo mimi nilichelewa kulijua, na kwa kuchelewa kwangu sungura alikufa. Sitaki wewe ulijue kwa njia niliyolijua mimi.

Nianze na lile kofi. Sisi sote tumekua na hadithi za sungura mjanja, yule anayewazidi akili fisi na simba. Tukimwona sungura nyumbani tunadhani naye ana ujanja ule, kwamba anajua anachofanya na anakufanyia makusudi. Lakini sungura wa hadithi zetu ni yule wa porini wa nchi hizi, mwenye miguu mirefu, anayelala juu ya ardhi kwenye nyasi. Mchele ni wa ukoo mwingine. Sungura wote wa kufugwa wametokana na jamii yenye asili ya Hispania na Ureno, ya sungura wanaochimba mashimo na kuishi humo kwa makundi. Ndani ya mashimo yale, mzizi ukiota katikati ya njia, hukatwa, maana njia ikizibwa huenda ikawa ndiyo njia ya kukimbilia siku adui anapokuja. Sasa piga picha waya ulio nyuma ya kochi lenu: mwembamba, umelala gizani kando ya ukuta. Kwa Mchele huo ni mzizi. Alichokifanya ni kazi aliyorithi.

Tena utazame mdomo wake. Sungura ana meno 28. Unayoyaona ni yale manne marefu ya mbele, lakini nyuma ya yale mawili ya juu yamejificha mengine mawili madogo, halafu ndani kabisa yako magego. Yote hayo yanaendelea kukua tangu anapozaliwa mpaka anapokufa. Ya mbele hukua kama milimita 2 kila wiki. Yasiposuguliwa, kwa mwaka yangepita sentimita 10, yakamchoma midomo na kumzuia kula. Kwa hiyo kutafuna kwake ni lazima, kama ilivyo lazima kwako kupumua.

Watu wengi hudhani kumpa kipande cha mti kunatosha. Mti husaidia meno ya mbele. Magego husuguliwa hasa na nyasi, kwa ule mtafuno wa kupeleka taya kushoto na kulia saa nyingi kila siku. Sungura aliyekosa nyasi za kutosha ataendelea kutafuta kitu cha nyuzinyuzi, na ndani ya nyumba vitu vya nyuzinyuzi ni zulia, mkeka, chandarua na godoro. Halafu hana mkono wa kushikia kitu akakichunguza kama wewe. Macho yake yamekaa pembeni mwa kichwa ili amwone adui anayetoka upande wowote, na kwa sababu hiyo hakioni kilicho mbele ya midomo yake hasa. Hukijua kwa pua, kwa masharubu, kwa midomo na kwa meno. Mdomo ndio mkono wake.

Sasa lile jambo lenyewe. Sungura hawezi kutapika.

Wewe ukila kitu kibaya, mwili wako unaweza kukirudisha. Paka wenu akila nyasi utamwona anazitoa. Sungura hana njia hiyo. Mlango wa juu wa mfuko wake wa chakula umefungwa kwa msuli wenye nguvu unaoruhusu kitu kushuka tu. Chochote alichokimeza, kiwe kizuri au kibaya, kina njia moja tu ya kutokea, nayo ni ndefu na nyembamba. Kikimezwa hakirudi.

Na tumbo lake halina desturi ya kupumzika. Mwanzoni mwa utumbo mpana ana mfuko mkubwa, mkubwa kuliko hata mfuko wa chakula, ambamo vijidudu vingi vinachachusha majani. Kutoka humo hutokea vile vinyesi laini, vinavyong'aa, vilivyoshikana kama kishada cha zabibu. Hivyo huvila mwenyewe, mara nyingi usiku, kwa kuvichukua moja kwa moja kwa mdomo. Usione kinyaa wala usimzuie, ndipo anapopata sehemu ya protini na vitamini zake. Kinachosukuma mtambo huu wote ni nyuzinyuzi za nyasi. Nyasi zikikosekana, utumbo hupunguza mwendo. Ukipunguza mwendo, yaliyomo hukauka, gesi hujaa, maumivu humfanya asile, na kutokula kunazidi kuusimamisha utumbo. Ndiyo maana ule usiku mmoja ndani ya boksi bila nyasi ulinishtua kuliko habari za chaja. Chaja hununuliwa.

Nikueleze habari za Pamba. Wakati huo wewe hujazaliwa, nami nilikuwa bado nafundisha sayansi shule ya msingi. Pamba alikuwa peke yake, na kwa kuwaogopa paka shume nilimfuga sebuleni. Sebule yangu ilikuwa na zulia jekundu lenye matamvua pande mbili. Jioni nikisahihisha madaftari, yeye alikaa miguuni pangu akiyavuta matamvua uzi mmoja mmoja. Niliona yanapungua. Nilifurahi kwamba ana mchezo wa kumkalisha kimya.

Asubuhi moja nilipokuwa nafagia nikakuta punje za kinyesi zimeungana nne, tano, kama shanga kwenye uzi. Nikazitazama, nikazifagia, nikaenda kazini. Kesho yake punje zilikuwa chache, ndogo na kavu. Siku ya tatu, Jumapili, hazikuwepo kabisa. Pamba alikuwa amejikunyata pembeni, macho nusu yamefumba, akisaga meno kwa sauti ya chini. Nilimpa karoti akageuza uso. Ilikuwa mwezi wa pili, joto limepamba moto, nikasema ni joto. Nikamwekea maji na kitambaa kibichi, nikangoja kukuche.

Daktari wa mifugo alipofika Jumatatu alimshika tumbo akanyamaza. Lilikuwa gumu, limejaa kama mpira wa miguu. Alijitahidi alivyoweza, lakini Pamba hakufika adhuhuri. Nilimwomba daktari ampasue nione. Pale chakula kinapotoka kwenye mfuko wake kuingia utumbo mwembamba kulikuwa na kidonge cha manyoya yake mwenyewe na nyuzi nyekundu, vimesokotana na kukazana. Hakikuzidi punje ya harage.

Mpaka leo najua lile harage lilikuwa wapi siku ya kwanza. Lilikuwa linakuja, na zile punje zilizofungana kwa uzi ndizo zilizokuja kuniambia. Mimi nilizifagia. Unaelewa sasa kwa nini naandika kurasa nyingi.

Basi tuingie nyumbani kwenu, chumba kwa chumba, maana nyumba yenu naijua.

Hatari ya kwanza ni nyaya: chaja, feni, runinga, na ile ekstensheni iliyo chini ya meza ya baba. Waya wenye umeme humuunguza mdomo na ulimi, au humuua papo hapo. Siku ukimkuta ameuma waya uliochomekwa, usimshike kwanza. Zima swichi, au mwite mtu mzima azime umeme kwenye mita, ndipo umguse. Na hata akionekana mzima, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu maji huweza kujaa kwenye mapafu saa kadhaa baadaye.

Ya pili ni nyuzi, na hapa nakuomba sana. Najua Jumamosi mnasukana na rafiki zako hapo barazani. Vipande vya rasta vinavyoanguka ni virefu, vyepesi, na havimeng'enyeki. Sungura hujiramba mwili mzima kila siku na kumeza manyoya yake. Manyoya hayo peke yake hupita vizuri akiwa na nyasi za kutosha. Yakikutana na rasta au uzi wa zulia, husokotana, yakawa kama kamba. Mkimaliza kusukana, fagia, kisha pitisha kitambaa chenye maji, kisha kagua kwa mkono. Chandarua nacho usikiache kining'inie mpaka sakafuni. Kina nyuzi, na vingi vimetiwa dawa ya kuua mbu.

Ya tatu ni mpira, sponji na plastiki. Ndala zinawavutia sana sungura, na vitufe vya rimoti vivyo hivyo. Godoro la sponji hulichimba kwa chini ambako huoni, na sponji ikifika tumboni haigeuki kuwa kitu kingine. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini nailoni za vifungashio vya mkate, sukari na biskuti bado zimejaa majikoni. Ziwekeeni pipa lenye mfuniko.

Ya nne ni sumu. Dawa ya panya isiwekwe popote ndani ya nyumba anamoishi sungura, hata nyuma ya kabati. Sumu nyingi za panya huzuia damu isigande, na dalili zake hukawia siku kadhaa, hivyo utamwona anacheza ilhali ameshapatikana. Dawa ya mbu ya kuwasha, sabuni ya unga, betri, na rangi kuukuu inayobanduka ukutani na kwenye milango, ambayo huenda ina madini ya risasi ndani yake, vyote viwe mbali na mdomo wake. Na mimea pia: asipewe majani ya mparachichi, ya nyanya, ya viazi mviringo, ya mbono wala kisamvu kibichi. Lile ua la mama lililo kwenye chungu kando ya mlango, lenye majani mapana yenye madoa meupe, lina utomvu unaowasha mdomo na koo. Mwambie mama alipandishe juu ya kabati.

Sasa usiniambie nimekunyang'anya kila kitu nisikupe la kufanya. Ukimwondolea sungura kitu cha kutafuna, weka kingine mahali pake siku hiyo hiyo. Kikubwa ni nyasi, na ziwepo usiku na mchana, rundo linalomzidi yeye mwenyewe kwa ukubwa. Nyasi zikaushwe vizuri; zikiwa na ukungu zitupe. Mabingobingo machanga yaliyonyauka kidogo anayapenda, na matembele ni mboga nzuri kwake. Mahindi makavu na maharage mabichi usimpe, wala usimzoeze biskuti na mkate. Vijiti vya mforosadi na vya mpera ni salama ilimradi mti haukupuliziwa dawa. Boksi la kadibodi lisilo na gundi, selotepu wala pini mtengenezee shimo: toboa milango miwili, jaza nyasi, liweke pembeni penye kivuli. Atapata handaki lake, na mizizi ataikata humo.

Nyaya zote zipande juu kuliko anavyofika akisimama kwa miguu ya nyuma. Zile zisizoweza kupanda, mwombe baba anunue yale mabomba magumu ya plastiki ambayo mafundi umeme huyapitisha ukutani, ayapasue kwa urefu na kuziingiza humo. Na usiku, au mnapotoka wote, Mchele akae kwenye uzio wake wenye nafasi ya kuruka, kukiwa na nyasi na maji. Uzio si adhabu, ni chumba chake. Akiwa huru sebuleni, awepo mtu wa kumwangalia.

Halafu kazi moja ambayo nataka iwe yako peke yako, asiachiwe dada wala mama. Kila asubuhi kabla ya chai, tazama kinyesi chake. Sungura mzima hutoa punje mia mbili hadi mia tatu kwa siku, za duara, zinazolingana, kavu kwa nje, na ukizibonyeza zinasambaratika kama majani makavu. Huna haja ya kuzihesabu zote. Baada ya wiki moja jicho lako litajua rundo la kawaida. Likipungua, punje zikiwa ndogo, zikiungana kwa uzi, hapo ndipo pa kuuliza amekula nini. Mwongezee nyasi na maji, saka alichotafuna, mwambie baba. Akikataa kula au punje zikikoma kwa nusu siku, au ukimwona amejikunyata na kusaga meno, au tumbo limejaa na kuwa gumu, asilale hivyo. Apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo, hata kama ni Jumapili, hata kama ni usiku. Usimlazimishe kula kwa bomba la sindano kabla daktari hajamshika tumbo, kwa sababu kama njia imeziba utakuwa unajaza mahali pasipo na pa kutokea. Na kama uzi unaning'inia nyuma yake, usiuvute.

Nikusisitizie na hili: usimpe dawa ya watu. Kwenye kila nyumba kuna vidonge vya amoksilini vilivyobaki, na mtu mwema atakuambia umsagie nusu. Dawa hiyo akinywa kwa mdomo inaua vile vijidudu vya tumboni vinavyomlisha, vikazaana vibaya vyenye sumu, akafa kwa dawa aliyopewa kwa huruma.

Narudi kwenye lile kofi, maana kuna sehemu yake sijaisema. Sungura ni mnyama anayewindwa. Kwa asili yake akiumwa hujificha na kujikaza, kwa sababu porini anayeonekana dhaifu ndiye anayeliwa kwanza. Njia nyingine ya kujua kwamba Mchele ana maumivu ni yeye kukubali kuwa karibu nawe, ukamzoea anavyokaa, anavyosikiliza, anavyokuja akisikia ufunguo mlangoni. Ukimpiga, hataunganisha kofi na waya. Atauunganisha mkono wako na hofu. Ataendelea kukata nyaya usipokuwepo, lakini siku atakapoumwa atakuwa nyuma ya kabati, nawe hutaona. Pamba hakunikimbia hata siku ile ya mwisho. Alikuwa mbele ya macho yangu, na bado nilishindwa kumsoma. Wewe ukimfanya akukimbie, utamsomea wapi?

Kwa mama yako nitapiga simu mwenyewe, nimwombe ampe Mchele mwezi mmoja. Zulia lake ni haki yake kulilalamikia, nawe umwombe radhi, kwa sababu aliyemwacha sungura sebuleni bila nyasi ni wewe. Ukiweza kwa mwezi huo kumwonyesha nyumba isiyo na uzi sakafuni wala waya uliolegea, naamini atakubali. Na akikataa, Mchele atakuja kuishi huku na wenzake, nawe utamkuta likizo.

Nimekutumia kwa basi gunia la nyasi kavu na fungu la vijiti vya mforosadi. Baba yako atavipokea Jumanne kwenye stendi ya mabasi ya Magufuli.

Kabla hujalifungua hilo gunia, nifanyie jambo moja. Lala kifudifudi sebuleni, kidevu kiguse sakafu, uitazame nyumba kutoka pale anapoitazama Mchele. Angalia chini ya kochi, nyuma ya kabati la runinga, chini ya kitanda chako. Kila utakachokiona ambacho kinaweza kuingia mdomoni mwake, kiandike kwenye karatasi. Nitumie hiyo karatasi, mwanangu. Naisubiri kuliko barua yoyote.

Msalimie mama, msalimie na dada.

Ni mimi shangazi yako akupendaye,

Shangazi wa Morogoro